Nusu Mbili za Mnyama wa Turin

Kufikia 1911 Fiat ilikuwa imeunda S76, likiitwa Mnyama wa Turin, kwa nia moja: kuipiku Blitzen Benz ya Wajerumani. Injini lita 28.4, silinda nne tu! Mwaka 1913, kule Ostend, Ubelgiji, Arthur Duray alipita kilomita 210 kwa saa. Hakufaulu kurudia upande wa pili, rekodi ikakosa kutambuliwa.

Yaliundwa mawili. Moja likabaki chesisi, lingine injini. Mwingereza mmoja akaviunganisha, bodi ikaundwa upya, na 2014 likanguruma tena.

Sokoni, neno "halisi" ndilo hupandisha bei ya magari ya kale. Mi naona muuzaji mwaminifu angeonyesha kwa kidole: hiki cha zamani, hiki kipya. Kisha aliwashe.