Sulochana na Hadithi ya Anarkali

Katika miaka ya 1950 na 1960, majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam yalijaa watu zilipoonyeshwa filamu za Kihindi, na wengi wa watazamaji hao hawakuijua lugha iliyosemwa. Walifuata hadithi kwa macho. Kilemba chenye kito kilitosha kumtambulisha mfalme. Shela na njuga zikamtambulisha mchezaji wa kasri. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyopata habari za Mfalme Akbar, mwanawe Salim na mjakazi Anarkali, pasipo kufungua kitabu. Sisi tunaofundisha historia yatupasa kulitazama jambo hili kwa makini, kwani aliyeona kwa macho yake ni mgumu kuambiwa kwamba alichokiona huenda hakikutokea.

Tumfuate basi mwigizaji mmoja, Sulochana. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ruby Myers. Alizaliwa Pune mwaka 1907 katika jamaa ya Kiyahudi, na kabla ya kuingia katika sinema alifanya kazi ya kuunganisha simu. Enzi hizo nyumba za heshima, za Wahindu na za Waislamu, aghalabu hazikuwaruhusu mabinti zao kusimama mbele ya kamera. Ndiyo sababu wengi wa waigizaji wa kike wa mwanzo wa India walikuwa Wayahudi au machotara wa Kiingereza na Kihindi, waliopewa majina ya Kihindi. Mwaka 1928 kampuni ya Imperial ya Bombay ilimvika Sulochana mavazi ya Anarkali. Mwaka huohuo hadithi hiyo ilitengenezewa filamu nyingine, na Anarkali wa filamu hiyo alikuwa Seeta Devi, ambaye naye jina lake la asili lilikuwa Renee Smith. Filamu zote mbili zilikuwa bubu, kwa hiyo matamshi hayakuwa kikwazo. Vazi ndilo lililosema, kama lilivyokuja kusema kwa watazamaji wetu wa pwani miaka mingi baadaye.

Hadithi yenyewe inajulikana. Salim anampenda mjakazi, baba yake anaghadhibika, na mjakazi anahukumiwa kujengewa ukuta akiwa hai. Je, historia inasema nini? Abul Fazl, mwandishi wa tarehe ya utawala wa Akbar, hamtaji Anarkali. Salim mwenyewe, aliyetawala kwa jina la Jahangir tangu 1605, aliandika kumbukumbu zake kwa mkono wake, naye pia hamtaji. Mtu wa kwanza tunayemjua kuandika habari hiyo ni William Finch, mfanyabiashara Mwingereza wa Kampuni ya India Mashariki, aliyefika Lahore mwaka 1611 na kuyaandika aliyoyasikia mjini. Tena katika maandishi yake mwanamke huyo si mjakazi, bali ni mke wa Akbar na mama wa mwana mwingine wa mfalme, Daniyal. Kaburi lipo Lahore, jengo zuri la pembe nane, nalo lina tarehe mbili, ya 1599 na ya 1615 kwa hesabu ya miladi. Lakini jina la Anarkali halikuchongwa humo.

Mke wa mfalme aligeuka mjakazi kwa kupitia masimulizi na jukwaa, hasa katika tamthilia ya Kiurdu ya Imtiaz Ali Taj ya mwaka 1922. Mabadiliko hayo si madogo. Kijana anayemtamani mke wa baba yake ni aibu kwa nyumba. Kijana wa kifalme anayempenda mnyonge ni shujaa wa watu. Hapana shaka watazamaji waliokuwa chini ya utawala wa Kiingereza walifurahi pia kuona fahari ya wafalme wa nchi yao wenyewe. Nasi hatuwezi kuacha kushangaa kwamba fahari hiyo ilijengwa juu ya habari iliyoandikwa kwanza na mchuuzi wa Kiingereza!

Kwamba Salim alimwasi baba yake ni kweli kabisa. Kuanzia 1600 alijiwekea baraza lake Allahabad, na mwaka 1602 aliamuru kuuawa kwa huyohuyo Abul Fazl. Ila chanzo kilikuwa kiti cha enzi: Akbar aliishi muda mrefu, na mrithi alichoka kungoja. Filamu iliuondoa ugomvi wa madaraka ikaweka mapenzi mahali pake. Hapo ndipo tunapoona hasara iliyo kubwa kuliko shaka ya kama Anarkali aliishi au hakuishi.

Filamu za sauti zilipoanza India mwaka 1931, Sulochana alipata taabu, kwa kuwa Kihindustani chake kilikuwa dhaifu. Alijifunza, akarudi, na mwaka 1935 akamwigiza Anarkali kwa mara ya pili, safari hii akisema. Kisha mwaka 1953 ikatoka Anarkali nyingine, iliyochezwa na Bina Rai. Sulochana alikuwamo, lakini sasa amevaa mavazi ya malkia: alikuwa Jodhabai, mama yake Salim. Mjakazi wa jana amekuwa mama wa mwana wa mfalme!

Nafasi hii nayo ina shaka yake. Mama wa Salim, binti wa Kirajput kutoka Amber aliyemzaa mwaka 1569, yumo katika historia bila ubishi; lakini cheo anachojulikana nacho ni Mariam-uz-Zamani. Jina Jodhabai wanahistoria wengi wanalihusisha na mke wa Jahangir, aliyetoka Jodhpur. Basi Sulochana aliigiza mwanamke ambaye kuwapo kwake hakuna uthibitisho, halafu akaigiza mwanamke aliyekuwapo kwa hakika, kwa jina ambalo huenda halikuwa lake.

Alitunukiwa tuzo ya Dadasaheb Phalke ya mwaka 1973, akafariki Bombay mwaka 1983. Katika Mughal-e-Azam ya 1960, iliyoshinda zote zilizotangulia kwa umaarufu, Anarkali alikuwa Madhubala na mama alikuwa Durga Khote. Jina la mama lilibaki Jodhabai.