Mererani na Fuwele Zilizonusurika

Tarehe 24 Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mererani, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite. La kwanza lilikuwa na uzito wa kilo 9.27, la pili kilo 5.103. Magazeti yalishikilia bei, shilingi bilioni 7.74, na kwa siku kadhaa nchi nzima ilikuwa ikizungumzia utajiri wa Mmasai yule. Mimi niliganda kwenye vipimo vya lile kubwa: urefu wa sentimita 30 hivi, sawa na rula ya mwanafunzi. Tanzanite hupimwa kwa karati, na karati 5 ndizo hufanya gramu 1. Mwenye pete ya karati 3 ana cha kuonyesha watu. Jiwe la Laizer lilizidi karati 46,000. Agosti mwaka huohuo akarudi na la tatu, kilo 6.33.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza jambo moja. Mawe hayo yalitokaje mazima?

Anayejua Mererani anaelewa kwa nini nauliza. Mji huu uko wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara, si mbali na uwanja wa ndege wa KIA, mahali ambapo Mlima Kilimanjaro huonekana asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Eneo lenye tanzanite ni ukanda mwembamba wa urefu wa kilomita 7 hivi na upana wa kilomita 2, chini ya vilima vya Lelatema. Hakuna sehemu nyingine duniani ambako jiwe hili linachimbwa. Wakusanyaji wa madini wa Ulaya na Marekani huandika “Merelani” kwenye vibandiko vyao, nyaraka za serikali husema “Mirerani”, na abiria wa daladala wanajua wanakwenda Mererani.

Wanajiolojia wanakadiria kwamba fuwele za tanzanite zilianza kujijenga miaka milioni 585 hivi iliyopita, zama ambazo vipande vya mabara viligongana na kuikunja miamba ya Afrika Mashariki kama mtu anavyokunja mkeka. Maji ya moto yenye madini yalipenya kwenye nyufa za mwamba wenye grafiti. Kalisi, alumini na silika vikaungana kuwa zoisaiti, ambayo tanzanite ni aina yake, na chembe kidogo za vanadi zikaitia rangi. Sehemu kubwa ya zoisaiti duniani ni ya kijivu au kijani isiyovutia. Hapa kulikuwa na vanadi, na kulikuwa na mifuko ndani ya mwamba, nafasi tupu ambamo fuwele iliweza kurefuka bila kubanwa.

Grafiti hiyo ndiyo humtoa mwanaapolo shimoni akiwa mweusi tii, macho na meno tu yakionekana. Wanaapolo ndio wachimbaji wa Mererani, na vumbi lao linang'aa kama risasi ya penseli kwa sababu ni kitu kilekile.

Historia inayojulikana ilianza 1967. Jumanne Ngoma anatajwa kuwa mgunduzi, na serikali ilimtambua kwa cheti mwaka 1984. Simulizi nyingine inamtaja Mmasai Ali Juu ya Watu, aliyemwonyesha mawe ya bluu Manuel d'Souza, fundi cherehani Mgoa wa Arusha aliyependa kutafuta madini. D'Souza alidhani amepata yakuti, akakata leseni mwaka huohuo, na akafa kwa ajali ya gari 1969. Ngoma aliishi hadi Januari 2019, na chini ya mwaka mmoja kabla ya kifo chake Rais Magufuli alimzawadia shilingi milioni 100. Sioni haja ya kuwagombanisha marehemu. Ila ni haki kusema kwamba kwa miaka mingi vitabu vya nje vilimtaja d'Souza kwanza, na Ngoma alisubiri nusu karne kupata heshima inayolingana na alichokiona.

Jina tanzanite lilitoka New York mwaka 1968, kwenye duka la Tiffany, kwa sababu zoisaiti kwa masikio ya wasemaji wa Kiingereza inakaribia mno neno la kujiua.

Ukikutana na dalali barabarani mjini, atalinyanyua jiwe juani kwa vidole viwili na kuligeuza taratibu. Upande mmoja bluu, upande wa pili zambarau. Likiwa bado halijachomwa, upande wa tatu hutoa wekundu uliochanganyika na kahawia, kama chai ya rangi. Mawe mengi hupitishwa kwenye tanuri la nyuzi 500 au zaidi ili ule ukahawia uondoke. Baada ya hapo bluu inabaki imekolea, na ile rangi ya tatu hairudi tena. Mnunuzi wa pete anafurahi. Mkusanyaji wa fuwele anasikitika, nami niko upande wake.

Jiwe hili pia lina mpasuko. Lina mwelekeo mmoja ambao likigongwa hufunguka, kama gogo lililopigwa shoka kufuata nyuzi zake. Sasa fikiria mashimo ya Mererani, yanayoshuka mamia ya mita na ambayo mwamba wake hulipuliwa kwa baruti. Mchimbaji hawezi kujua mfuko uko wapi mpaka aufikie, na mara nyingi baruti ndiyo hufika kwanza. Fuwele iliyosubiri miaka milioni 585 inakuwa vipande kabla mtu hajaiona. Hilo ndilo jibu la swali langu, au nusu yake: mawe ya Laizer yalitoka mazima kwa sababu mlipuko uliishia mahali pazuri, na mtu aliyefika baadaye hakuwa na pupa.

Mashimo hayo yamevunja watu pia. Kabla ya udhibiti kukazwa, watoto walioitwa nyoka walitumwa kujipenyeza kwenye vichochoro ambavyo mtu mzima hapiti. Mwaka 1998 mvua za El Niño ziliyajaza mashimo maji, watu wengi wakafa humo, wengine bila miili yao kuopolewa. Machi 2008 maji yakarudi, na makumi ya wachimbaji wakapotea tena. Ukuta wa kilomita 24.5 uliojengwa na jeshi kuzunguka machimbo na kuzinduliwa tarehe 6 Aprili 2018 ulikusudiwa kuzuia utoroshaji wa mawe. Bila ukuta huo na soko la madini lililofuata, nadhani fuwele za Laizer zingeondoka kimya kimya zikiwa vipande.

Mwaka 2005 ilipatikana nyingine ya karati 16,839, ikapewa jina la Mawenzi. Mererani pia hutoa tsavoraiti, kito cha kijani kibichi. Fuwele moja ya karati 283.74 iliyochimbwa 2017 ilikatwa ikawa kito cha karati 116.76, Simba wa Merelani, na tangu 2023 kiko katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Watoto wa shule wa Marekani wanakitazama. Mtoto wa Simanjiro naye anastahili mahali pa kwenda kutazama fuwele moja kubwa ya kwao, nzima, haijachomwa wala kukatwa.

Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza madini mapya kutoka hapa, wakayaita merelaniaiti. Ni nyuzi za kijivu nyembamba kama unywele, zenye urefu wa milimita chache, zilizokuwa zimejificha juu ya fuwele kubwa. Mtu anayeosha na kuchoma mawe kwa haraka asingeziona kamwe.

Nje ya migodi wanawake huchekecha kifusi kutafuta masalia. Anayepata kipande kidogo kama punje ya mchele hukipangusa kwa kidole. Mara nyingine upande mmoja wa kipande hicho ni bapa, laini, una mistari myembamba iliyonyooka, na hakuna aliyeukata. Ni uso wa fuwele, na mistari yake inakatika pale kipande kinapoishia.