Uoanishaji wa vizuizi vya kumbukumbu

Uoanishaji wa vizuizi vya kumbukumbu ni kanuni ya uandishi wa programu katika kiini cha mfumo wa uendeshaji wa kompyuta. Kila kizuizi upande wa kuandika data huwa na mwenzake upande wa kusoma, na maelezo yaliyo kando ya msimbo hutaja mwenzake huyo yuko wapi.

Chanzo cha tatizo

Prosesa na kompaila hazifuati daima mpangilio alioandika mtunga programu. Hubadilisha zamu za kusoma na kuandika ili kazi iende haraka. Prosesa ikiwa moja kwa kawaida hakuna madhara. Zikiwa kadhaa zinazotumia kumbukumbu moja, matokeo yanaweza kuharibika.

Mfano ni ghala la mahindi mjini Songea. Mpokeaji mzigo huandika idadi ya magunia daftarini, kisha hutundika bendera kuonyesha kwamba hesabu iko tayari. Karani wa mauzo hutazama bendera, kisha husoma daftari. Mpokeaji akitanguliza bendera, karani atasoma hesabu ya jana. Lakini hata mpokeaji akifuata utaratibu, karani aliyesoma daftari kwanza na kutazama bendera baadaye atakosea vilevile. Kwa hiyo kizuizi cha upande mmoja hakitoshi.

Katika Linux

Katika kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, smp_wmb() ya mwandishi huoanishwa na smp_rmb() ya msomaji, na smp_store_release() na smp_load_acquire(). Mwongozo wa vizuizi, ambao David Howells na Paul McKenney ni miongoni mwa waandishi wake, uliingizwa mwaka 2006. Mwaka 2018 toleo la 4.17 liliongeza modeli rasmi ya kumbukumbu, inayowezesha kupima mifano midogo ya msimbo.

Kila kizuizi kinatakiwa kiwe na maelezo, na programu ya ukaguzi checkpatch huonya yanapokosekana. Haiwezi, hata hivyo, kujua kama maelezo hayo ni ya kweli. Kuandika tu "kizuizi cha kuandika" hakumsaidii mtu, kwani jina la kizuizi limeshasema hivyo. Yanayofaa hutaja data ipi itangulie ipi, pamoja na jina la funksheni yenye kizuizi mwenza.

Funksheni hiyo ikibadilishwa jina, maelezo hubaki yakielekeza pasipokuwapo kitu, na mrekebishaji anaweza kufuta kizuizi akidhani ni cha ziada. Kwenye prosesa za x86, zenye mpangilio mkali, kosa hilo mara nyingi halionekani. Hujitokeza kwenye prosesa za ARM, zilizomo katika simu nyingi za Android, ambazo nazo hutumia kiini cha Linux.