Shaka na Imani Katika Monsignor Quixote

Graham Greene alipoitoa riwaya yake Monsignor Quixote mwaka 1982, Jenerali Franco alikuwa amekwisha kufa yapata miaka saba. Yapasa tuikumbuke tarehe hiyo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939 maelfu ya makasisi wa Hispania waliuawa upande wa Jamhuri. Na Franco aliposhinda, Kanisa lilikaa karibu na kiti chake, nao Wakomunisti wakauawa, wakafungwa au wakakimbilia ugenini. Chama chao hakikuruhusiwa tena mpaka 1977. Kabla ya hapo, kasisi na Mkomunisti wangewezaje kusafiri pamoja mchana kweupe?

Katika riwaya hii wasafiri hao ni Padre Quixote wa El Toboso, ambaye ajiita mzao wa bwana yule wa Cervantes, na Sancho, meya aliyeshindwa katika uchaguzi. Motokaa yao kuukuu yaitwa Rocinante. Askofu wa padre akasirika: mtu awezaje kuwa mzao wa mtu wa hadithi? Lakini Cervantes mwenyewe, aliyekuwa mateka Algiers tangu 1575 hata 1580, alidai katika kitabu chake cha 1605 kuwa habari zake alizipata kwa mwanahistoria Mwarabu, Cide Hamete Benengeli (cide ni sidi yetu hii hii). Basi tangu hapo msomaji aliachiwa kuamini au kutoamini. Greene, aliyeingia Ukatoliki mwaka 1926, aliuchukua mchezo huo akaufanya jambo la dini.

Usiku mmoja padre aota kwamba malaika wamemwokoa Yesu msalabani, na ulimwengu mzima wajua kwa yakini kuwa ni Mwana wa Mungu. Hapana nafasi tena ya shaka, wala ya imani. Aamka na baridi ya kukata tamaa moyoni. Nakiri kuwa mabishano yao mengine juu ya Marx yachosha, lakini ndoto hii yatosha kukibeba kitabu. Don Quixote wa kale hakuyatilia shaka majitu yake. Mzao wake anayo shaka, na kwa shaka hiyo apatana na meya, ambaye naye hana yakini na Marx kama asemavyo.

Mwishoni, padre aliyekwisha katazwa na askofu kusoma Misa ajeruhiwa motokaa inapogonga ukuta wa monasteri ya Osera. Usiku huo, katikati ya usingizi na kukesha, asoma Misa bila mkate wala divai, amlisha meya kwa vidole vitupu, kisha afa. Profesa wa Kimarekani aliyeshuhudia asema hapakuwa na kitu. Mtawa mmoja hana yakini hiyo. Meya ashika njia ya Ureno akijiuliza kwa nini chuki juu ya Franco ilikufa pamoja na Franco, na mapenzi yake kwa padre yazidi kukua.