Droni ndogo iliyozaliwa mezani, na msitu wa Katavi unaoingoja

Mwaka 2018 watafiti wa sokwe mtu walichapisha matokeo ambayo mpenzi wa teknolojia angeyasoma shingo upande. Walikuwa wamerusha droni juu ya misitu ya Bonde la Issa, kaskazini-magharibi mwa mji wa Mpanda mkoani Katavi, wakitafuta viota. Sokwe mtu hukunja matawi na kujitengenezea kitanda kipya karibu kila jioni, hivyo anayehesabu viota anaweza kukadiria idadi ya wanyama bila kuwaona wenyewe. Kati ya viota vilivyokwisha kuonwa na watu waliopita chini kwa miguu, picha za angani zilinasa wastani wa asilimia 10 tu. Kadiri majani yalivyofunga na miti ilivyokuwa mirefu, ndivyo kamera ilivyoambulia patupu.

Kasoro haikuwa ya watafiti. Droni nchini mwetu Tanzania ziliingia kupitia mlango wa juu. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuzitumia kuchora ramani ya Unguja na Pemba, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Katika mipaka ya Tarangire na Serengeti, askari wa wanyamapori walizitumia kuwafukuza tembo waliovamia mashamba. Mwaka 2018 kampuni ya DHL, ikishirikiana na Wingcopter ya Ujerumani, ilitangaza kwamba droni yao ilikuwa imepeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe: kilomita 60 kwa dakika 40. Zote hizo ni kazi za anga wazi. Kupita katikati ya mashina mawili ya miti ya mtundu haikuwa hoja ya mtu yeyote.

Ukoo wa droni zinazoweza kupita hapo ni mwingine kabisa, na asili yake ni kifaa cha mchezo wa video. Mwaka 2009 kampuni ya Nintendo iliuza kijisanduku cha kuchomeka kwenye rimoti ya Wii, ili mashine ijue mchezaji amegeuza mkono kiasi gani. Ndani yake mlikuwa na kihisi cha mzunguko, kidogo na cha bei nafuu, cha aina ambayo awali haikuwa rahisi kwa mtu wa kawaida kuipata. Mfaransa Alexandre Dubus alikifungua, akakiunganisha na bodi ya Arduino na mota, akaandika programu aliyoiita MultiWii na kuiacha wazi kwa kila mtu. Mkondo wa programu za leo unaanzia hapo: MultiWii ikazaa Baseflight, hiyo ikazaa Cleanflight mwaka 2014, nayo ikazaa Betaflight, ambayo ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya droni za kujiundia duniani. Kila aliyepokea aliongeza kitu na kukirudisha kwa umma. Nadhani hii ndiyo sehemu ya historia inayostahili kusimuliwa kuliko mbio za kampuni kubwa, ingawa magazeti huipita.

Umbo dogo lilikuja baadaye. Kampuni ya Horizon Hobby ilikuwa ikiuza kifaa cha kuchezea kiitwacho Inductrix, droni inayotosha kiganjani na yenye mapanga manne yaliyozungushiwa pete za plastiki. Mmarekani Jesse Perkins akaibandika kamera ndogo inayorusha picha moja kwa moja kwenye miwani ya rubani, akairusha ndani ya nyumba, chini ya viti na kati ya miguu ya meza. Akaiita Tiny Whoop. Kufikia mwaka 2016 watu walikuwa wakishindana nazo sebuleni. Zile pete zilifanya kazi kubwa: droni ikigonga ukuta inadunda na kuendelea, na ikimgonga mtu haimkati.

Ukubwa huo ukawa kipimo. Milimita 65 kutoka mota moja hadi iliyo mkabala nayo kwa mshazari, mapanga ya milimita 31, betri ya seli moja. Mwanzoni mota zilikuwa za brashi, zikichakaa upesi. Kuanzia mwaka 2018 hivi, zisizo na brashi zikapungua ukubwa hadi kuingia kwenye fremu hizo. Miaka mitatu baadaye, Machi 2021, Jay Christensen aliirusha droni ya jamii hiyo, kubwa kidogo, ndani ya ukumbi wa mchezo wa kuviringisha mpira huko Minneapolis, ikapita kati ya wateja na kuingia nyuma ya mitambo inayosimamisha pini. Video yake ya dakika moja na nusu hivi ilizunguka dunia nzima, na hata watengenezaji wa sinema wakaanza kuzisaka mashine hizi.

Kuiunda droni ya namna hii si kazi ya kutisha. Bodi moja hubeba kompyuta, kihisi cha mzunguko na vidhibiti vya mota zote nne. Mara nyingi hata kipokezi cha rimoti kimo humohumo. Fundi analehemu waya za betri na za kamera, anafunga mota kwa skrubu zinazopotea kwenye kucha, kisha anaiunganisha bodi na kompyuta na kupanga Betaflight. Fundi simu anayebadilisha tundu la chaji mjini Mpanda ana mkono wa kazi hii tayari. Na kwa bahati waya wa kulehemu unaotumika sana ni bati lililochanganywa na risasi, madini yaleyale yaliyoiletea Mpanda reli ya kutoka Kaliua mwaka 1950, kabla ya mgodi kufungwa miaka kumi baadaye. Kwenye droni, hata hivyo, risasi ni uzito. Chombo chote na betri yake hakifiki gramu 40, na tone lililozidi kwenye kila kiungo linaonekana hewani.

Mpanda yenyewe inaongeza ugumu. Mji uko takriban meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, na joto la Oktoba huipunguza zaidi. Panga linalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kubeba uzito uleule, na betri inalipa. Mwenye kuiga vipimo vya mtu wa pwani atashangaa droni yake inavyochelewa kunyanyuka baada ya kupiga mbizi.

Kisha kuna sheria. Kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2018 zinamtaka mrushaji apate kibali kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi hakuna kurusha bila ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Wanaodhani udogo unawaficha wakumbuke kwamba mlio wa mota hizi ni mkali kuliko umbo la droni yenyewe.

Je, kijidroni hiki kingeviona viota vya Issa vilivyoikwepa kamera ya juu? Kwa nafasi ya kupita, ndiyo. Matawi ya miombo yana mianya mingi kuliko uvungu wa viti. Tatizo ni mawimbi. Picha nyingi za droni hizi husafiri kwa gigahezi 5.8, na masafa hayo humezwa haraka na majani mabichi na mashina. Rubani angelazimika kukaa karibu, labda umbali wa mti wa tatu au wa nne. Betri nayo inampa dakika tatu, nne akiwa mpole na kijiti cha rimoti. Na mlio ule ungewakurupusha wanyama, kwa hiyo zamu yake ingekuwa mchana, wakiwa wameshaondoka vitandani kwenda kutafuta chakula, na mtu wa kuibeba hadi mtini angekuwa yuleyule anayehesabu kwa miguu.