Same: Mji wa Tambarare, Historia ya Milimani

Abiria wa basi la Dar es Salaam kwenda Arusha huiona Same kwa dakika chache tu: jua kali, migunga, vumbi, na mkono wa kulia safu ya milima. Akidhani ameijua wilaya, bado. Mji umekaa tambarare kwa ajili ya reli na ofisi za serikali. Wapare wenyewe waliishi juu kwa karne nyingi, kwenye ubaridi na migomba.

Kilele cha Upare ni Shengena, mita 2,462, ndani ya msitu wa Chome. Msitu huo ndio unaowanywesha walio chini. Wazee walibuni ndiva: bwawa la mawe na udongo linalojazwa maji ya kijito usiku kucha, kisha asubuhi linafunguliwa, maji yakashuka kwa mfereji hadi kwenye shamba la mwenye zamu. Ndiva ya Manoo, kijijini Bangalala, ni mfano mmoja. Mfereji ukibomoka unaitishwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na asiyetokea anatozwa faini. Ni utawala kamili huo, na haukungoja mkoloni.

Kaskazini, Ugweno, nguvu ilikuwa chuma. Ukoo wa Washana ulifua majembe na silaha, na Wachaga walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyekusanya masimulizi ya wazee, anaeleza jinsi ukoo wa Wasuya ulivyowapokonya wafua chuma hao utawala.

Wageni walifika kwa mfuatano wa haraka. Mwaka 1903 Wasabato kutoka Ujerumani walifungua misheni huko Mamba Giti. Reli ya Tanga ilipita miguuni mwa milima na kufika Moshi mwaka 1911. Baadaye Waingereza waliiendesha Wilaya ya Pare kutoka Same, na mwenye shauri la serikali akalazimika kushuka.

Siku moja walishuka wote kwa pamoja. Vita Kuu ya Pili ikiendelea, serikali na machifu walianzisha kodi ya nyongeza iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, wakaipa jina la mbiru, wakidai ni desturi ya kale ya Wapare. Ilikuwa hila, tena ya kizembe. Nani angeihesabu mali ya jirani yake bila chuki wala upendeleo? Watu hawakukataa kulipa kodi, walikataa kupimwa. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka Same, wakapiga kambi karibu na ofisi ya mkuu wa wilaya, bila mapanga wala mikuki. Walipokezana: wengine wakipanda kutazama mashamba, wengine wakishuka kushika nafasi zao. Mgogoro ukaburuta miezi, na mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakamkabili mkuu wa wilaya, wakitaka jambo liishe waume zao warudi nyumbani. Hatimaye mbiru ilifutwa, ikarudi kodi ya kiwango kimoja. TANU ilikuwa bado haijazaliwa.

Mwaka 1979 Wilaya ya Pare iligawanywa: kusini ikabaki Same, kaskazini ikawa Mwanga. Usangi iko Mwanga, kwa hiyo mwenye shauri na mkuu wa wilaya hashuki tena Same.