Mtoto Asiyeweza Kumtaja Mzazi: Historia ya Viteuzi vya CSS

Kiteuzi ni ile sehemu ya kanuni ya CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti, inayotaja elementi zitakazopambwa, yaani vichwa, aya, viungo na vipande vingine vya ukurasa wa wavuti, kabla ya kutajwa rangi au ukubwa wa herufi zake. Katika pendekezo la CSS alilolitoa Oktoba 10, 1994, Håkon Wium Lie, Mnorwei aliyekuwa CERN, Geneva, kiteuzi kilikuwa jina tupu: iliandikwa h1.font.size = 24pt 100%, nukta ikitenganisha kichwa na sifa yake, na asilimia ikieleza kiasi cha nguvu alichokidai mwandishi dhidi ya matakwa ya msomaji. Asilimia hizo zilitupwa, lakini nukta ilisalia kwa kazi nyingine, kwani katika CSS1, ambayo Lie aliiandika pamoja na Mholanzi Bert Bos na shirika la W3C likaipitisha Desemba 17, 1996, ilitangulia jina la klasi, yaani kundi analolibuni mwandishi mwenyewe, ilhali alama ya reli ilitangulia kitambulisho cha elementi moja pekee.

CSS2 ya Mei 1998 ilileta msamiati wa ukoo: alama > iliteua mtoto wa elementi fulani, na + ndugu anayeifuata papo hapo. Kivinjari cha Internet Explorer 6, kilichotoka 2001 na kutawala soko kwa miaka, hakikuzielewa alama hizo hadi toleo la 7 la mwaka 2006, hivyo mafundi wakaendelea kubandika klasi kila mahali.

Hata hivyo, ukoo huo ulikuwa wa upande mmoja, kwa maana mtoto aliteuliwa kupitia mzazi, lakini mzazi hakuweza kuteuliwa kupitia mtoto. Haukuwa uzembe: kivinjari huchora ukurasa kadiri unavyowasili, na kinapomfikia mzazi, watoto huenda bado wako njiani, kwa hiyo kurudi nyuma kungemaanisha kupiga hesabu upya. Kiteuzi :has, kinachoweza kuteua, kwa mfano, aya yenye picha ndani yake, kiliingia Safari Machi 2022, Chrome Agosti mwaka huohuo na Firefox Desemba 2023, kikiwa na sharti lililobaki kwa sababu ya hesabu hizohizo: :has moja haiwekwi ndani ya nyingine.